Nguo Tisa

Jumatatu, 1 Desemba

Nimetoka kazini saa nane mchana. Vumbi la chai puani, masikioni, hata ndani ya soksi. Nimekuta kifurushi kwa jirani, kimeletwa na gari kutoka Meru. Kimetoka kwa Karimi, dada yangu mkubwa. Ndani kuna kitenge cha kijani chenye kanga, wale ndege, wamesimama wima wote wakitazama upande mmoja. Kitambaa kingi ajabu. Na karatasi ya vipimo vya watu tisa.

Sikuulizwa. Nimefungua simu ndipo nikajua. Kikundi cha familia kimekubaliana kwamba mwaka huu tutavaa sare kwa Mama, Nkubu, tarehe ishirini na sita. "Kendi atashona," Karimi ameandika. Watu wameweka vidole gumba. Wakati huo mimi nilikuwa kiwandani nikifunga mifuko ya chai, simu ikiwa kabatini.

Mimi ni wa nane kwenye orodha. Wa tisa ni Wanja, binti yangu. Njeru, mume wangu, hayumo. Ameisoma orodha mara mbili, kisha akauliza kama kuna chai.

Jumatano, 3 Desemba

Ratiba ya mwezi imebandikwa kando ya mlango wa stoo. Nimepewa mapumziko tarehe ishirini na tano. Ishirini na sita niko zamu ya mchana, saa nane hadi saa nne usiku. Mvua imenyesha vizuri huku Kianjokoma na majani yanaingia lori kwa lori. Msimamizi amesema majani chai hayajui Krismasi. Husema hivyo kila mwaka, na hucheka peke yake.

Ishirini na tano ni ya Kiambere, kwa kina Njeru. Hiyo haina mjadala. Ishirini na sita ndiyo ya Mama.

Krismasi tatu mfululizo sijafika Nkubu. Mbili zilikuwa zamu. Ya tatu Wanja alikuwa na tetekuwanga. Mwaka jana Mama alinipigia simu mwanzoni mwa Desemba kama kawaida, lakini hakuniuliza nitafika saa ngapi. Aliniuliza nitatuma nini, ili ajue kupanga.

Hilo lilinikaa kooni. Bado liko pale pale. Mwaka huu lazima nifike, na nikifika nionekane na macho, si kwa kifurushi.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeshona suruali mbili za vijana wa Karimi. Mgongo unauma.

Kushona kulianza kwa sababu ya zamu. Ukitoka saa nane mchana, mtoto yuko shule, mume yuko shule anafundisha, nyumba kimya, na usingizi haukubali. Nilinunua cherehani ya kukanyaga kwa mwalimu mmoja aliyestaafu. Nikawa nashona nilichotaka. Mito. Mapazia mafupi ya jikoni ambayo hayakuhitajika. Tangu Pasaka nilikuwa na blanketi la viraka, kila kiraka nakichagua kwa dakika kumi kwa sababu hakuna anayelingoja. Ilikuwa raha yangu peke yangu.

Kosa nililofanya ni kumshonea Wanja rinda la kufunga shule. Karimi aliliona. Tangu siku hiyo kila jamaa ana pindo la kushushwa na zipu iliyokatika, na kila mmoja huanza kwa kusema "kwa vile wewe hupenda kushona." Sasa blanketi limekunjwa chini ya kitenge cha watu tisa na sijui nitaligusa lini.

Jumapili, 7 Desemba

Sikwenda kanisani. Zamu.

Nimemwomba msimamizi anipe ile tarehe. Amekataa kwa upole, jambo linaloudhi zaidi. Amesema nitafute mtu wa kubadilishana naye, tuandike karatasi, tutie sahihi wote wawili, nimpelekee kabla ya tarehe ishirini. Nimewauliza watu watatu. Wa kwanza alicheka. Wa pili aliniuliza kama naumwa. Wa tatu alisema ataomba ushauri kwa mumewe, maana yake hapana.

Kikundini Karimi ameleta mjadala wa rangi ya viatu. Ujumbe arobaini na kitu juu ya viatu. Katikati ameniandikia: "Kendi, kama kazi itakubana, weka tu nguo kwa gari zifike mapema. Usijali."

Usijali. Nimeisoma hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili.

Jumanne, 9 Desemba

Wiki hii niko zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi ni ya mkasi. Nimetandika kitenge sakafuni na kukata nguo zote zilizobaki isipokuwa yangu. Ili kitambaa kitoshe nimepanga vipande kichwa kwa mguu, kama ninavyofanya siku zote. Kimetosha vizuri, na kipande kikubwa kimebaki. Hicho ni cha rinda langu.

Wanja, ambaye shule imefunga, amekaa juu ya kitambaa kilichokatwa akila ndizi. Nimempigia kelele kuliko kosa lake.

Ijumaa, 12 Desemba

Jamhuri. Nchi nzima imepumzika isipokuwa mimi na majani. Njeru amempeleka Wanja Embu mjini kula chipsi. Wamerudi wakati mimi naondoka. Wanja ameniambia ilikuwa siku nzuri sana, nami nimemwambia afue soksi.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeunganisha rinda la Karimi, nikaliinua mbele ya dirisha nilitazame. Mbele ni sawa. Nyuma kanga wote wamesimama kwa vichwa.

Nimekaa chini. Kumbe ndiyo ile kupanga kichwa kwa mguu. Kwa kitambaa cha maua haina neno, ua halina juu wala chini. Ndege ana miguu. Mtoto angeona hilo. Mimi nimeshona miaka sita na sikuona, kwa sababu kichwani nilikuwa najibizana na msimamizi.

Za wengine zimepona, nimezikagua moja moja. Ni ya Karimi peke yake, yule yule mwenye kitambaa chake, mwenye maneno yake. Ningekuwa na adui asingenichagulia vizuri zaidi.

Nimempigia mwenye duka Meru. Kitenge hicho kimekwisha. Nimemwomba Njeru aulize Embu mjini, hakuna. Kilichobaki ni kipande changu. Nikikata mgongo wa Karimi pale, mimi sina rinda. Nimeweka vyote chini ya meza, nikaenda kazini na hasira.

Jumanne, 16 Desemba

Amepatikana mtu.

Wanjira wa chumba cha kuchambulia. Ana zamu ya asubuhi tarehe ishirini na sita na yuko tayari kuendelea hadi usiku badala yangu. Nilimwambia nitamlipia kwa zamu zangu mbili za Januari. Alikataa. Nikataja pesa, akakunja uso.

"Mimi sitaki pesa yako, Mama Wanja. Nataka hiyo nguo ya ndege yenye uliweka kwa simu. Na uniwekee mifuko."

Wazazi wa kijana anayemchumbia wanakuja kwao mwaka mpya. Ameona ile picha ya kitenge niliyoweka kwenye simu na haoni nyingine. Nikamwambia nina kitenge cha zambarau, kizuri, kipya. Akasema zambarau huvaliwa na wanakwaya.

Kwa hiyo kipande kimoja kina kazi tatu. Mgongo wa Karimi. Rinda langu. Au siku yenyewe.

Ningependa kuandika kwamba sikufikiri hata dakika moja. Ningekuwa naongopa. Nimefikiri zamu nzima, na mara mbili nimefunga mfuko bila kuupima. Nililitaka lile rinda. Nilitaka kusimama kwenye mstari na dada yangu na kaka yangu Mwiti, mtu akipita barabarani aseme wale ni wa mama mmoja. Lakini rinda lisilo na siku ya kulivalia ni la kazi gani?

Nimempima Wanjira wakati wa chai, nyuma ya mizani. Tumetia sahihi karatasi.

Alhamisi, 18 Desemba

Tumekosana na Njeru. Nilimwambia kwamba tarehe ishirini na tano nitalala Kiambere, na alfajiri ya ishirini na sita nitaondoka na Wanja kwenda Nkubu. Akaweka kikombe chini.

"Kwani uliolewa Nkubu?"

Nikamjibu kwamba niliolewa Kianjokoma, na kiwanda, na cherehani, na kikundi cha simu, na kwamba yeye ni wa tano kwenye foleni. Haikuwa kweli lakini ilinipunguzia. Akasema mama yake atauliza kwa nini mkaza mwana anaondoka kabla wageni hawajaamka. Nikasema mama yake ana midomo, aniulize mwenyewe.

Ametoka kwenda kutazama kahawa shambani. Kahawa haikuwa na shida yoyote.

Jumamosi, 20 Desemba

Msimamizi ametia sahihi. Kisha ameongeza kwa mdomo kwamba majani yakizidi atanipigia simu nirudi. Nimemuuliza, nikirudi, Wanjira atakuwa anafanya nini? Amesema tutaona. Maneno "tutaona" yanapaswa kupigwa marufuku kiwandani.

Nimemaliza shati la Mwiti, rinda la mkewe, rinda la Wanja. La Mama nimelishona polepole, zipu ubavuni kwa sababu bega lake la kulia halirudi nyuma vizuri. Karimi aliandika vipimo na kusahau bega. Mimi naishi mbali na sikulisahau.

Jumanne, 23 Desemba

Nimerudi kutoka kazini nikakuta Njeru amekaa kwenye kiti changu cha cherehani, sindano mkononi, anaweka vifungo kwenye shati la mume wa Karimi. Uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijani. Amevikaza kana kwamba anafunga mbuzi.

Bado hatuongei vizuri. Sikusema kitu juu ya uzi. Nimempa shati la pili.

Jumatano, 24 Desemba

Wanjira amejaribu nguo yake kwenye choo cha wafanyakazi. Mikono imebana. Hawezi kuinua mkono kumpa mgeni chai, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya siku hiyo. Amenitazama bila kucheka.

"Ukishindwa kutengeneza leo, kesho kutwa mimi natoka saa nane na kila mtu afe na zamu yake."

Nimetoka kazini mbio. Nimefumua mikono yote miwili. Hakuna kitambaa cha kuongeza, basi nimekata mifuko aliyoitaka na kuiweka kwapani kama viraka vya umbo la almasi. Ndege mmoja yuko nusu. Nimempelekea hadi kwao kwa miguu, kwenye tope. Ameinua mikono mbele ya mama yake, juu, mbele, kando. Akatabasamu. Ndipo akauliza mifuko iko wapi.

Nimemwambia ukweli. Amekagua ile almasi ya kwapani. Akasema sawa, atashika mkoba.

Nguo tisa zimekwisha. Nane za familia, moja ya Wanjira. Yangu hakuna. Karimi sijamwambia lolote, si la mgongo wala la mimi. Nitamwambia tukionana. Mimi ni mwoga, niliandike hapa angalau mara moja.

Alhamisi, 25 Desemba

Kiambere. Joto la kuokea mkate. Tumekula mbuzi, tumekula tena mbuzi. Nimesonga ugali wa watu thelathini, nimeosha sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea.

Mama mkwe ameniuliza mbele ya watu kama ni kweli naondoka kesho. Nikasema ndiyo, Mama. Akasema siku hizi wasichana wana magurudumu. Wifi zangu wakacheka. Mimi nikaendelea kuosha. Nilitaka kumwambia kwamba miaka kumi na moja Krismasi zangu zote alizozitaka amezipata. Sikusema. Namheshimu, na pia nilikuwa na povu hadi viwikoni.

Jioni amenifungia nyama mguu mzima kwenye gazeti, pamoja na kuni ndogo za kuanzia moto, ati kwa mama yangu. Sasa sijui nimkasirikie vipi.

Simu ya msimamizi imelia mara moja. Sikuishika. Nimeizima kabisa.

Ijumaa, 26 Desemba

Tumefika Nkubu saa nne na nusu. Njeru alitusindikiza hadi stendi ya Embu na begi la nguo kichwani, akarudi Kiambere. Alimpa Wanja pesa ya maziwa na mimi akanirekebisha kola ya sweta.

Mama alikuwa zizini. Hakutusikia. Nilisimama pale nikamtazama mgongo akikatia ng'ombe majani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Alipogeuka alinishika kifundo cha mkono, wala hakukiachia. Akaendelea kuwapa ng'ombe majani kwa mkono wa pili. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado, nikamsogezea majani kwa mkono uliobaki huru.

Nguo ziligawiwa sebuleni, kelele tupu. Zote zimekaa. La Mama limekaa vizuri kuliko zote, amevuta zipu mwenyewe bila kuitia mtu. Karimi amejiangalia kwenye kioo kutoka mbele, akaridhika sana. Nikavuta pumzi nimwambie. Wanja akaniwahi.

"Aunti, mbona ndege zako za nyuma zimesimama na kichwa?"

Mke wa Mwiti akaingia jikoni haraka kutafuta chumvi. Karimi akageuka, akageuka tena, kama mbwa anayetafuta mkia. Nikaeleza yote. Kichwa kwa mguu, duka la Meru, kipande cha mwisho, Wanjira, karatasi ya zamu. Nilipofika kwa Wanjira niliona uso wake ukibadilika.

"Yaani ulijua kutoka tarehe kumi na tatu? Na hiyo kitambaa ukapea mtu wa kazi?"

Nikasema ndiyo. Nikasema vile vile kwamba kama ningemrekebishia mgongo, mgongo wake ungekuwa hapa na mimi ningekuwa kiwandani. Nikamuuliza angependa kipi. Lilikuwa swali baya. Watu wote walikuwa wanasikiliza.

Siku nzima Karimi ameketi ameegemea ukuta.

Wakati wa picha walijipanga uani, Mama katikati kwenye kiti. Nilikuwa na sketi yangu ya kanisa na sweta ya bluu ya kazini. Nilikwenda kusimama ukingoni, karibu na Mwiti. Karimi akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Wewe si huna sare. Basi utupige tu picha."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga viti. Mwiti alitazama viatu vyake. Nikachukua simu ya Karimi, nikaenda kusimama nilipoelekezwa, kwenye kivuli cha nyumba, kwenye tope, ili wao wapate jua. Nikapiga picha saba. Karimi akawa anapaza sauti: tulieni, msiongee, tazameni simu. Vijana wake wanasukumana, mbwa anabweka, Mwiti anacheka. Nilikuwa na hasira. Nimekata Krismasi vipande vipande mwezi mzima ili nije nishikilie simu.

Baadaye tumekula, nimeosha vyombo na Mama. Nitaondoka kesho mapema. Zamu saa nane.

Jumapili, 28 Desemba

Nimerudi. Msimamizi hakuuliza juu ya simu. Wanjira amesema zamu ilikuwa nyepesi, majani hayakuzidi hata kidogo. Nimelala mchana kwa muda wa saa tatu kamili bila kugeuka.

Karimi ameweka picha kikundini. "Familia yote, Nkubu." Ameongeza kwamba hii ndiyo nzuri kati ya saba, isipokuwa Mama ameharibu, mdomo wazi katika zote, hata alipoambiwa atulie.

Nimeikuza kwa vidole. Vijana wanatazama kamera. Mwiti anatazama kamera. Wanja ametoa ulimi. Mama hatazami kamera. Ananitazama mimi, juu ya simu kidogo, na mdomo wake uko wazi kwa sababu anaongea. Kwa kelele zile wengine hawakusikia. Mimi nilisikia, mara zote saba. Alikuwa akiniambia kwa Kimeru nitoke pale kivulini, nije upande wa jua, nitashikwa na baridi.